Kabla sijavaa joho: milango niliyoogopa kuigonga

Wiki hii yote nimeshinda na karatasi moja mkononi. Ni fomu ya kliaransi, ile ambayo mwaka wa tatu tunazunguka nayo Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama watoza ushuru. Maktaba wasaini kwamba huna kitabu chao, hosteli wasaini kwamba godoro umeliacha zima, uhasibu wasaini kwamba hudaiwi ada, kisha idara, kisha Shule Kuu ya Elimu, kisha meza ya fulani ambaye ametoka kidogo na hakuna ajuaye atarudi saa ngapi. Bila sahihi hizo cheti utakisikia kwa wenzako.

Jumatano nilikuwa nimeegemea ukuta wa korido, nasubiri huyo aliyetoka kidogo, nikaanza kuhesabu. Kwa siku tatu nilikuwa nimegonga milango kumi na mmoja. Nikajiuliza kwa miaka mitatu kabla ya hapo niligonga mingapi. Minne. Na mmoja kati ya hiyo niliugonga kwa bahati mbaya, nikidhani ni choo.

Basi makala hii inahusu milango. Unayetarajia kuripoti Oktoba na begi lako la magurudumu, mengine utayajua mwenyewe, ila hili naomba unisikilize kama dada yako.

Natoka Sikonge, Tabora. Baba analima tumbaku na mahindi kidogo. Nikiwa mdogo nilikiona Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla sijajua ni kitu gani, kwa sababu Ukumbi wake wa Nkrumah ulikuwa umechorwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya wakati ule. Tulikuwa tukitumwa dukani na noti hiyo, na mimi nilidhani lile jengo ni benki. Siku ya kwanza niliposimama mbele ya ukumbi wenyewe pale Mlimani nilicheka peke yangu, halafu nikaogopa. Nilihisi nimeingia ndani ya noti ya mtu mwingine.

Hofu hiyo haikuanzia Dar. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, na darasani nilikuwa mpiga kelele. Nikiulizwa nasimama, nisipoulizwa nanyoosha mkono hadi unauma. Kidato cha kwanza mambo yakageuka. Masomo yote yakawa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, na shuleni kwetu anayekutwa anaongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akitembea nacho mpaka amnase mwingine. Nilikivaa mara mbili. Baada ya hapo nikagundua njia rahisi ya kutokivaa tena, ambayo ni kufunga mdomo. Sikuwa mjinga. Nilikuwa naelewa nusu, nyingine namalizia kwa kukariri, na mitihani nikawa nafaulu. Kwa hiyo niliingia chuoni nikiwa bingwa wa kunyamaza, na hakuna aliyejua, maana mtu aliyenyamaza na mtu aliyeelewa wanafanana sana ukiwatazama kutoka mbele.

Sasa fikiria ukumbi wa Yombo, watu mia tatu na zaidi, mhadhiri anafundisha kozi ya takwimu kwa ajili yetu tunaosoma jiografia. Anamaliza slaidi, anauliza kama kuna swali. Kimya. Anahesabu hadi tano moyoni, anaendelea. Mimi nilipotea wiki ya tatu, kwenye kitu kinachoitwa mchepuko sanifu, na tangu hapo kila lekcha ilikuwa kama kusikiliza redio ya nchi jirani usiku, sauti unaipata lakini maneno hapana. Nilifanya alichofanya kila mtu, nikatafuta desa, yaani notsi na majibu ya waliotangulia. Nikatoa fotokopi desa la mwaka jana, la mwaka juzi, na la jamaa mmoja aliyesifika kupata A. Nilikuwa na madesa matatu ya kitu nisichokielewa, yamebanwa vizuri kwenye faili la buluu.

Kozi weki, zile kazi na majaribio ya katikati ya muhula, nilipata 14 kati ya 40. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nikapata 21 kati ya 60. Jumlisha mwenyewe. Kufaulu ni 40.

Matokeo yalinikuta nyumbani Sikonge. Kama hujawahi kupata sapu, utaratibu wake ni huu: wenzako wanaendelea na likizo, wewe unarudi chuoni Septemba kurudia mtihani, na hata ukiufanya kama malaika alama ya juu utakayoandikiwa ni C. Mbaya zaidi ni nauli. Nilimwambia baba kuna mafunzo maalumu yametangazwa. Hakuuliza mafunzo gani. Aliuza debe za mahindi ambazo mama alikuwa amezihesabia Krismasi, akanikabidhi hela zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, akasema, "Basi kama wamekuchagua, nenda." Neno hilo, wamekuchagua, nilikaa nalo kwenye basi kutoka Tabora mpaka stendi ya Mbezi. Nadhani lilinichoma kuliko sapu yenyewe.

Nilipofika sikuwa na pa kukimbilia, ndipo nikaugonga mlango wa yule mhadhiri. Nilisimama nje pengine robo saa, nikijipangia sentensi za Kiingereza. Nikaingia, nikasema shikamoo, sentensi zote zikakimbia. Nikajikuta nasema kwa Kiswahili cha kwetu kabisa kwamba mwalimu, mimi hii mchepuko sanifu inanishinda toka wiki ya tatu.

Alisukuma karatasi zake pembeni. Akaniuliza nimefikia wapi, nikasema Mwenge. Akasema: chukulia kuna daladala mbili za Mwenge. Ya kwanza leo inakufikisha kwa dakika 38, kesho 42, keshokutwa 40. Ya pili leo dakika 15, kesho 65, keshokutwa 40. Wastani wake? Nikapiga hesabu, zote 40. "Siku ya mtihani utapanda ipi?" Nikasema ya kwanza. "Kwa nini, na wastani ni ule ule?" Nikasema kwa sababu ile nyingine haitabiriki. Akaandika fomula kwenye karatasi, akaizungushia duara. "Basi hii ndiyo namba ya kutotabirika. Ndiyo yote uliyoikimbia muhula mzima."

Dakika ishirini, labda ishirini na tano. Nilitoka pale nina hasira, na hasira zote zilikuwa juu yangu. Debe za mama zilikuwa zimelipa nauli ya swali ambalo ningeweza kuliuliza bure mwezi wa nne, tena kwa Kiswahili. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lugha ya ukumbini na lugha ya ofisini zinaweza kutofautiana. Mtihani utauandika kwa Kiingereza, hilo halina mjadala, lakini kuelewa unaweza kuelewa kwa lugha yoyote.

Nikupe na namna ya kuuliza, kwa sababu "usiogope kuuliza" nimeisikia kwenye kila semina ya kukaribisha wanafunzi wapya na haikunisaidia chochote. Usiende na "sijaelewa". Neno hilo linamchosha mwalimu kabla hajakaa vizuri, hajui aanzie wapi. Nenda na daftari lenye mahali ulipokwama, sema nimefika hapa, hapa naona giza. Nenda mapema katika muhula, wakati korido ni nyeupe, maana wiki moja kabla ya UE utakuta foleni kama ya sukari. Angalia saa zake za ofisi mlangoni, nyingi zimebandikwa na hakuna anayezisoma. Wengine watakujibu vibaya, nisikudanganye. Mmoja alinijibu bila kuinua macho kwenye simu. Ukikutana na wa hivyo, mwenzako aliyepata B+ anatosha, na mara nyingi anaeleza vizuri zaidi kwa sababu bado anakumbuka yeye mwenyewe alipokwama.

Kuna kunyamaza kwingine, kwa tumbo. Niliingia 2022, mwaka ambao fedha ya kujikimu ya wanufaika wa Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu, ndivyo tunavyoiita fedha hiyo, halitoki kila siku lakini, linatoka kwa mkupuo wa karibu miezi miwili, na mtoto wa mkulima wa tumbaku ambaye hajawahi kushika laki tatu anasaini siku moja anaona laki sita. Nilikwenda Kariakoo. Sitaki kueleza nilinunua nini, nitasema tu kwamba simu ilikuwa na kamera tatu na wiki ya tano nilikuwa nakunywa chai ya rangi na chapati moja, mara moja kwa siku, nikiwaambia wenzangu chumbani kwamba nimefunga. Mmoja wao, Mwislamu wa Pemba, akanitazama akaniambia kwa upole, "Dada, mimi ndiye ninayefunga. Wewe una njaa." Akanipa wali.

Tangu hapo chumba chetu cha wanne tukawa tunachangia chakula. Kupika chumbani hairuhusiwi, kwa hiyo sitasema tulikuwa tunapika. Na siku ya kusaini bumu nikawa napita kwanza kwa mama lishe, namlipa chakula cha mchana cha mwezi mzima, elfu mbili kwa siku, anaandika kwenye daftari lake. Elfu sitini ikishatoka hivyo huwezi kuirudia hata shetani akija na punguzo la bei. Ukipata mama lishe mwaminifu fanya hivyo. Programu za simu za kupanga matumizi nilizijaribu, zilinionyesha kwa rangi nzuri sana jinsi nilivyofilisika.

Na swali la fedha linaloogopwa kuliko yote: nadaiwa kiasi gani? Wengi tunamaliza bila kujua. Uliza ukiwa mwaka wa kwanza. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2016, ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, zamani ilikuwa 8. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowavimbishia madeni kaka zetu, ilifutwa 2021, hiyo ni nafuu kweli. Lakini bado, mshahara wa laki saba maana yake laki moja na elfu tano inaondoka kila mwezi kabla hujainusa. Mimi namba yangu nimeiona mwezi huu. Nilikaa chini kidogo.

Kuhusu mapenzi chuoni sina ushauri, nina hasara ya blanketi moja na flash ya GB 32.

Ila lililonigeuza kabisa lilitokea nje ya Mlimani. Sisi wa ualimu tunakwenda mazoezi ya kufundisha, na mwaka wa pili nilipangiwa sekondari moja ya kata, kidato cha pili, wanafunzi 86 chumba kimoja, wengine wamekaa watatu watatu kwenye dawati la wawili. Mada yangu ya kwanza ilikuwa skeli ya ramani. Nilijiandaa usiku kucha. Nilichora ubaoni, nikaeleza 1 kwa 50,000, kwamba sentimita moja ya ramani ni sentimita elfu hamsini za ardhini, nikageuka nikauliza kama wameelewa. Darasa zima likaitikia kwa wimbo, "Ndiyooo mwalimu." Mna swali? "Hapanaaa." Nikatoka nimevimba kichwa.

Kesho yake nikawapa zoezi dogo: sentimita nne kwenye ramani hiyo ni kilomita ngapi ardhini. Jibu ni mbili. Waliopata ni tisa.

Nilikaa na yale madaftari ofisini mpaka walimu wengine wakaondoka. Walikuwa wameniimbia wimbo niliowaimbia wahadhiri wangu. Nilianza kuwatafuta wale wa nyuma kwa kumbukumbu, nikamkumbuka msichana mmoja wa dawati la dirishani aliyekuwa akiandika muda wote bila kuinua kichwa, faili lake limepangwa safi. Buluu, la kwake pia. Unaweza usiamini, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa juu, nikaliweka mezani. Nikawaambia kila mmoja aandike swali kwenye kikaratasi, bila jina, kwa lugha yoyote, hata Kisukuma kama anajua kuniandikia nikasome polepole. Kesho yake kopo lilikuwa limejaa. Wanne walitaka kujua kama nina mchumba. Mmoja aliuliza chuoni watu wanalalaje. Waliobaki waliuliza skeli, na maswali yao hayakuwa ya kijinga hata kidogo. Mmoja: "Hiyo elfu hamsini ni ya shilingi au ya nini?" Mwingine: "Mwalimu, sentimita ya kwenye ramani ni kubwa kuliko ya kwenye rula?"

Nililisoma hilo la sentimita mara nyingi. Huyu mtoto alikuwa ameshika kiini cha mada yote, alikuwa hatua moja tu kutoka kuelewa, na angeweza kukaa hatua hiyo moja nyuma mpaka mtihani wa kidato cha nne. Tukatoka nje, tukachora ramani ya uwanja wa shule kwa hatua za miguu. Wiki iliyofuata waliopata zoezi walikuwa 61. Kopo niliwaachia.

Ndiyo maana sipendi wanaosema chuo ni koneksheni. Wanazungumza kama koneksheni zinauzwa kafeteria. Watu wanaonifahamu leo kwa jina pale Mlimani ni watano au sita, na kila mmoja nilianza kufahamiana naye kwa kumuuliza kitu. Na wale wanaokwambia GPA, yaani wastani wa alama zako zote, si kitu, waulize wao walipata ngapi. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na ukitaka kubaki chuoni kama mhadhiri msaidizi wa kuanzia wanataka 3.8. Mimi nikikadiria nitaishia 3.4. Ile C ya sapu nimeipigia hesabu kila upande, na kila upande inanidai hiyo desimali moja. Walimu nao siku hizi tunaitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira kama watu wengine, kwa hiyo huenda nikapata pa kujitetea. Lakini desimali ni desimali.

Jana jioni nilipata sahihi ya mwisho. Nilikaa kwenye ngazi nje ya maktaba mpya, nikampigia baba kumwambia nimemaliza, mahafali yenyewe bado miezi kadhaa. Akafurahi, akaanza kumwita mama. Nikamwambia subiri kwanza. Nikamweleza ile Septemba, kwamba hakuna aliyenichagua, kwamba nilifeli somo nikarudi kurudia, na debe za mama zilikwenda huko.

Alinyamaza. Nilisikia kuku, nikasikia pikipiki inapita barabarani kwao.

"Ulifaulu uliporudia?"

"Nilifaulu."

"Haya." Akanyamaza tena, halafu akakohoa. "Na mimi nina swali, usinicheke. Hilo joho, mnanunua au mnakodi? Maana hapa nimeweka gunia pembeni tangu mwezi wa sita, na mama yako ananiuliza kila siku ni la nini, sijui nimjibu nini."

"Tunakodi, baba. Siyo ghali."

"Kumbe mnakodi." Nikasikia anamgeukia mtu, sauti ikawa mbali kidogo, "Wanakodi!" Kisha akarudi. "Kwa hiyo gunia nisiuze?"

"Uza," nikamwambia. "Ila iwe nauli yenu."